Barua ya wazi kwa Waziri wa Kazi, Kamisheni ya Utalii na wenye mahoteli: kitisho nacho ni kesi, musingoje damu

Assalamu alaykum waheshimiwa.

Barua hii naielekeza kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi hapa Zanzibar, kwa wakubwa wa Kamisheni ya Utalii, kwa wenye mahoteli na mameneja wao, na masheha wa pwani nao nawatia humu humu maana wao ndio wanaogongewa mlango usiku mambo yakishaharibika. Mie ni suparavaiza wa vyumba katika hoteli moja ya mwambao wa mashariki, Unguja. Hoteli siitaji jina, na si kama naiogopa, ila nikiitaja mutaikimbilia hiyo moja museme tushashughulikia, na haya ninayoyasema yapo Nungwi, yapo Kiwengwa, yapo Paje, yapo kwenye vihoteli vya Mji Mkongwe, na ndugu zetu wa Pemba wenye mahoteli ya kuhesabika nao ukikaa nao kitako wanakwambia yale yale.

Shida yetu haianzi kwenye kipigo. Kipigo kikishatokea kila mtu anakiona, polisi watakuja, watu watajaa getini, picha zitazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka kwa ndugu walioko Oman. Shida ni kile kinachotangulia, yale maneno, ile "tutaonana", ule mlango uliofungwa, ile meseji ya saa sita za usiku, ambayo kila ukiipeleka kwa mkubwa unaulizwa suali moja tu, "kakugusa?" Ukisema hajanigusa basi imekwisha, rudi kazini, wateja wanangoja.

Niwape mmoja. Binti wa watu, mgeni wa kazi, kapangwa zamu ya jioni, ile ya kutandika vitanda vya kulalia na kushusha vyandarua wageni wakiwa wamekwenda kula. Kagonga, kimya, kafungua, kumbe mgeni yumo ndani kajifunga taulo, anamwambia ingia ingia hakuna shida. Kabla hajajua afanye nini yule bwana kashapita nyuma yake kausukuma mlango kwa mguu. Binti akatokea upande wa baraza, akaruka kile kikuta kidogo cha maua, akaja mpaka londri foronya bado kaishika mkononi kaikunja kama kitambaa cha kufutia jasho. Hajui hata kama kaishika. Nikamchukua mpaka ofisini. Meneja, kakaa, kamsikiliza, si mtu mkali, akauliza hilo hilo suali. Kakugusa? Hapana. Basi kunywa maji utulie, labda hakukufahamu, watu hawa kwao kukaa na taulo si kitu. Kesho yake rosta ikatoka vile vile, chumba kile kile, mtu yule yule, na nilipoipeleka rosta ibadilishwe nikaambiwa nisimuharibie mgeni jina kwa jambo ambalo halikutokea.

Jioni ile ikatokea. Sitaeleza ilivyokuwa, ni haki yake yeye binti aeleze au asieleze. Ntasema tu kilichofuata: bahasha ya elfu hamsini, "mgeni anaondoka Jumamosi, vumilia", na binti akahamishwa kupelekwa londri akakunje mashuka. Mgeni alibaki chumbani kwake na kifungua kinywa chake kama kawaida. Yaani kaudhiwa huyu, akahamishwa huyu huyu.

Munapenda kutwambia mgeni ni mfalme. Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, hakuna mzee aliyesema mpe mtoto wa watu.

Na musije mukanifahamu vibaya, wageni wengi ni watu wa maana, wengine wanarudi kila mwaka wanatuulizia watoto wetu kwa majina, wanachangia skuli, na ndio wanaotulisha, mwaka 2024 wameingia Zanzibar zaidi ya 736,000 na sie tunajua kila mmoja wao maana yake ni mashuka mangapi. Wala vitisho si vya wageni peke yao, pengine hata sio vingi vya kwao. Vya kwetu wenyewe kwa wenyewe vipo, na hivyo ndo vinanyamaziwa zaidi kwa sababu ya muhali, yule mtoto wa shangazi, huyu kaletwa na mkubwa fulani, yule tunasali nae msikiti mmoja.

Kuna kijana wa stoo alihisiwa mafuta ya kupikia yanapungua. Labda kweli labda si kweli, mie sikuwepo. Kitu ninachokijua ni namna alivyofukuzwa: kaitwa kantini ya wafanyakazi saa ya chakula, watu wamejaa, kaambiwa vua sare hiyo hapo hapo, mshahara wa siku alizofanya arudi mwisho wa mwezi. Mtu mzima kavuliwa shati mbele ya wenziwe na mbele ya mchumba wake anaefanya kazi jikoni. Akamgeukia mhasibu ambae ndie aliyepeleka hesabu za stoo, akamwambia kwa sauti ya pole tu, "nakujua unapokaa na njia unayopita". Watu wakacheka. Hakuna aliyeandika, hakuna aliyemwambia askari wa getini, hakuna aliyemwambia mhasibu leo usipite njia ile. Kupita siku kidogo mhasibu kasubiriwa usiku akirudi na baskeli, kapigwa nondo, mfupa wa bega umevunjika. Hospitali watu wamejipanga pembeni ya kitanda kila mmoja anasema "lakini alisema jamani, si alisema". Eti alisema. Sasa kama alisema na sote tulisikia, tulikuwa tunangoja nini zaidi, barua yenye muhuri?

Kumuachisha mtu kazi kuna utaratibu wake, Sheria ya Ajira namba 11 ya 2005 ipo, kazi si jambo la Muungano, hizi sheria ni zetu wenyewe tumezitunga hapa hapa kwenye Baraza letu. Lakini pia kuna akili ya kawaida tu ambayo haihitaji wakili. Mtu usimfukuze mbele ya watu. Muite pembeni, awepo na mwengine anaemuheshimu, kama yupo wa chama cha wafanyakazi awepo, haki yake ya pesa mpe siku ile ile asiwe na sababu ya kurudi rudi getini na moyo unamchemka, funguo zirudi, askari wa zamu zote waambiwe, na kama katamka neno la kutisha yule aliyetajwa aambiwe kabla jua halijazama na apatiwe gari ya kumrudisha kwao mpaka mambo yapoe. Na akipeleka malalamiko yake kwenye kitengo cha migogoro ya kazi apeleke, ni haki yake, tena bora aende huko kuliko kwenda dukani kununua nondo.

Kuna na wakubwa wenyewe. Mpishi mkuu anaerusha sufuria. Msimu ukichanganya, Julai Agosti, jikoni kunawaka moto na vitu vinaruka na matusi ya nguoni yanatukanwa watoto wadogo waliotoka chuo juzi, ukiuliza unaambiwa jikoni ndivyo kulivyo dunia nzima. Hapana, si dunia nzima, ni huyo mpishi. Mafuta ya moto yakimwagika mguuni hayajui kama ni msimu au si msimu. Naliacha hilo hapa.

Njia ya kurudi nyumbani sasa, hili nataka mulisome taratibu. Zamu ya mgahawa inakwisha saa nne au saa tano za usiku, gari za shamba saa hizo hakuna, gari ya hoteli ipo lakini inawapeleka wakubwa wanaokaa mjini, na hawa wanaokaa vijiji vya jirani wanaambiwa "si hapo tu". Hapo tu ni vichochoro vya kuta za mawe pande mbili, giza, mbwa, na vijana waliotoka baa ya pwani wanaojua kabisa kwamba leo ni siku ya mshahara. Watoto wa kike wanajikusanya wanne watano wanatembea na tochi za simu. Akibaki mmoja kuosha glasi za mwisho anatembea mmoja. Meneja akiulizwa anasema yaliyotokea nje ya geti si ya hoteli.

Basi wasome ule mkataba wa Shirika la Kazi Duniani, ILO, namba 190, uliopitishwa Geneva mwezi wa Juni 2019. Mkataba ule unahesabu mpaka njia ya kwenda na kurudi kazini. Unahesabu nyumba ya kulala anayokupa muajiri, unahesabu chumba cha kubadilishia nguo, unahesabu mpaka meseji za simu zinazohusu kazi. Na muhimu kwangu mie kuliko yote, kwenye maana ya ukatili kazini wameandika vitendo au vitisho vya vitendo hivyo, iwe vimetokea mara moja au vimerudiwa. Mara moja inatosha. Kwa hiyo lile suali la "kakugusa" wenzetu walilimaliza zamani. Pendekezo namba 206 lililotoka pamoja na mkataba likataja kabisa kazi zenye hatari zaidi, kazi za usiku, kazi za mtu peke yake, hospitali, mahoteli, kazi za majumbani, usafiri. Ukiitazama ile orodha unamuona binti wangu anapita na kigari chake cha mashuka.

Najua kuridhia mikataba ya nje ni jambo la Muungano, musinijibu kwa hilo. Lakini kuchukua maneno yake mukayatia kwenye kanuni zetu za hapa hakuhitaji kupanda ndege ya Dodoma. Sheria ya Usalama na Afya Kazini namba 8 ya 2005 munayo. Ukaguzi niliowahi kuuona mie kwenye mahoteli unatazama mtungi wa zimamoto tarehe yake, kisanduku cha huduma ya kwanza, waya za umeme, kinga za mikono kwa wanaoshika dawa za bwawa, na wakaguzi wanafanya kazi yao vizuri sina ugomvi nao, wanakagua walichotumwa kukagua. Ongezeni basi masuali machache kwenye hiyo fomu. Usiku nani anafanya kazi peke yake? Akipiga kelele nani anamsikia? Mwezi uliopita kimeripotiwa kitisho gani na kimefanywa nini? Na wakijibiwa "hatujawahi kupata kesi" wasiandike vizuri sana, wawaulize wafanyakazi pembeni bila ya meneja. Ule uchunguzi uliotolewa na ILO mwaka 2022 ulionesha zaidi ya mfanyakazi mmoja katika kila watano duniani kishapitia ukatili au unyanyasaji kazini, watu milioni 743, na waliowahi kumwambia mtu yeyote ni nusu na kidogo tu. Sasa hoteli yenye wafanyakazi mia isiyokuwa na kesi hata moja, mie siipi pongezi.

Kamisheni ya Utalii, leseni munatoa nyie. Munakagua vitanda, munakagua vyoo, munakagua jiko. Tiyeni na hili.

Halafu daftari. Hili wenye mahoteli hamuhitaji waziri. Nataka daftari la vitisho, la karatasi, lenye kurasa zenye namba ili ukurasa usichanwe. Linaandikwa tarehe, saa, wapi, nani kasema, kasema nini kwa maneno yake yale yale si "alitumia lugha isiyofaa", alisema nini hasa, nani kasikia, na kilichofanywa. Meseji inapigwa picha ya skrini haifutwi. Lisikae kwa meneja peke yake kwa sababu pengine anaeandikwa ni meneja, liwe na watu wawili, mmoja wa uongozi na mmoja ambae wafanyakazi wenyewe wamemchagua. Na kila aliyeandikwa aitwe asikilizwe, kwa sababu kusingiziwa nako kupo, sikatai, hata yule kijana wa stoo angesikilizwa kweli labda mfupa wa mtu usingevunjika. Mukilisoma kila mwezi mutaona vitu hamuvijui, mutaona jina moja limerudi mara tatu kwa watu watatu wasiojuana, mutaona vitisho vingi vinatoka saa ya kufunga baa au siku ya mshahara, hapo ndo mutajua wapi muweke askari wa pili.

Askari nao, jamani. Mlinzi mmoja na rungu anaachiwa ufukwe mzima, vijana wa pwani wanagombania wageni mbele yake, wamelewa, wana visu vya kufungulia madafu, yeye akisema neno anaambiwa tutakukuta. Anayo redio ya mkononi, betri imekufa tangu Ramadhani. Sweden kanuni yao ya mwaka 1993 ilisema kazi yenye hatari ya wazi ya ukatili au vitisho isifanywe na mtu peke yake. Huko kuna polisi wanaokuja ukipiga simu na bado wamesema asiwe peke yake, sisi tunamuacha mmoja na rungu halafu asubuhi tunamuuliza kwa nini amekimbia.

Wasafisha vyumba wa Chicago wamepata kitufe cha dharura, baraza la jiji lilipitisha mwaka 2017 kwamba kila mtu anaeingia chumba cha mgeni peke yake apewe kitufe cha kubonyeza kuita msaada, na mahoteli yakapewa mpaka Julai 2018. Sitaki kuwadanganya kwamba tunataka mitambo kama ya Chicago, hata intaneti yetu yenyewe inakatika mawingu yakitanda. Nataka redio za mkononi zenye betri hai. Nataka filimbi shingoni kama hakuna redio. Nataka sharti lililobandikwa risepsheni kwa lugha za wageni kwamba mfanyakazi haingii chumbani mgeni akiwemo, na akirudi katikati ya usafi mlango unabaki wazi na msafishaji anatoka bila ya kuomba ruhusa ya mtu. Na jioni waende wawili wawili. Najua mutasema wawili ni gharama. Chumba kimoja cha baharini kwa usiku mmoja kinalipwa zaidi ya mshahara wa mwezi wa yule binti, nyie wenyewe bei munazo, sina haja ya kuwapigia hesabu.

Na yakishatokea, Mungu apishe mbali, kuna mambo hayangoji kikao. Aliyeumizwa asiachwe peke yake aende kituoni na boda, aende na mtu na gari ya hoteli. Kama ni kuingiliwa asiogeshwe na nguo zisifuliwe, hata kama yeye mwenyewe anataka sana kuoga, na kila mwanamke anajua kwa nini anataka. Apelekwe kituo cha Mkono kwa Mkono hospitali, pale anamkuta daktari na polisi na wa ushauri nasaha pamoja, hasimulii mara nne kwa watu wanne. Dawa ya kuzuia asipate virusi vya ukimwi lazima ianzwe ndani ya saa 72 na kila ikianzwa mapema ndo inafanya kazi zaidi, sasa nyie munapoita wazee na sheha na familia mukae siku tatu mutafute suluhu, saa 72 hizo munazila nyie. Masheha wangu nawaheshimu, suluhu ya mpaka wa shamba tupatanisheni, ya mikarafuu tupatanisheni, hii muandike, mumsindikize mtu kituoni, muishie hapo.

Mshahara wake uendelee akiwa nyumbani. Akirudi arudi kwenye kazi yake ile ile isipokuwa mwenyewe kaomba kuhama. Anaehamishwa ni mgeni, na kama hoteli haiwezi kumuhamisha mgeni imrudishie pesa zake aende. Wenzake walioshuhudia nao waulizwe wako vipi, maana aliyefungua mlango akamkuta mwenzie pia halali.

Ntaambiwa barua hii inachafua jina la Zanzibar kwa watalii. Mgeni mwenye heshima zake, na mkewe na watoto, anapenda kulala kwenye hoteli ambayo mtu anaefungia wengine milango anatolewa usiku ule ule.

Rosta za mwezi ujao mameneja munaanza kuzipanga wiki hii. Kabla Waziri hajajibu, kabla fomu ya ukaguzi haijabadilishwa, kalamu munazo mkononi: zamu ya jioni musiandike jina moja, na pale chini kabisa ya karatasi andikeni gari ya saa tano za usiku na jina la dereva.

Suparavaiza wa vyumba,
Mwambao wa mashariki, Unguja